Tufani ya 1872 na Karafuu Zilizohamia Pemba

Kimbunga Gonu kilipoipiga pwani ya Omani mwezi wa Juni 2007, Qantab, kijiji cha wavuvi baina ya Maskati na Bandar Jissah, kilikuwa upande ule ule uliokabili bahari iliyochafuka. Hasara ya mvuvi ni kubwa, lakini chombo kikivunjika hutafutwa kingine, na nyavu zikichanika hushonwa. Hasara ya mwenye mti ni jambo jengine, na familia nyingi zilizorudi Omani kutoka Zanzibar zimebeba alama yake bila ya kujua.

Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Kisiwa kilicho digrii 6 tu kusini ya ikweta hakikuzoea pepo za namna hiyo. Zilizama merikebu za Sayyid Barghash bin Said zilizokuwa bandarini, na mashambani ilianguka mikarafuu na minazi; makisio ya kawaida ni thuluthi mbili. Sayyid Barghash alikuwa hata miaka miwili ya utawala hajaimaliza.

Mkarafuu hauzai kwa haraka. Tokea kupandwa mche mpaka mavuno ya kwanza ni miaka mitano au zaidi, na katika muda huo mwenye shamba anakula, anapalilia na analipa deni. Wengi walikuwa tayari wamekopa kwa kuweka mashamba rehani. Juu ya hayo, mwaka mmoja baadaye, Juni 1873, Sayyid alitia saini mkataba na Waingereza uliopiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yao. Mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa, na hili halifai kufichwa tunapoyasimulia. Kupanda upya Unguja kukawa na gharama zaidi.

Pemba, iliyo kaskazini, tufani iliikwepa kwa sehemu kubwa. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na aliyekuwa na miti iliyosimama alipata faida, na asiyekuwa nayo akaona sababu ya kupanda. Vilima vya Pemba vikajaa mikarafuu, hata kisiwa hicho kikawa ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya mazao ya Zanzibar, na hali hiyo imebaki. Lakini Pemba ilikuwa ghala la chakula kabla ya hapo; mchele wake ulikuwa ukivushwa hadi Mombasa. Nguvu za watu zilipohamia kwenye karafuu, kisiwa kilichokuwa kikilisha wengine kikaanza kununua mchele wa ng'ambo. Chakula chake sasa kikawa kinategemea bei ya karafuu.

Mwenye hati ya zamani ya shamba la Wete, Chake Chake au Mkoani auangalie mwaka ulioandikwa. Ukiwa ni wa baada ya 1872, inawezekana babu yake alivuka kutoka Unguja kuifuata miti.