Insha ya Mume Wangu, Kisa cha Mama Yangu

Saa 5 usiku. Watoto wamelala, mimi nimeshajifunga khanga yangu naelekea kitandani, mara mume wangu ananiita sebuleni. "Mama watoto, hebu nisomee hapa." Mezani kuna kompyuta, chai iliyopoa na kurasa 2 za Kiingereza zinazoanza na ndoto yake ya kutetea haki tangu akiwa mtoto mdogo.

Nikasoma mpaka mwisho. Mandela alikuwemo. Umaskini wa Afrika ulikuwemo. Mume wangu mwenyewe sikumwona.

"Vipi?" akauliza.

"Nzuri," nikajibu.

Jamani, nilidanganya. Kuhariri kazi za watu ndiyo ajira yangu, lakini kumwambia mwenzio usiku ule kwamba wiki 2 za jasho lake hazina kitu, hiyo ni shughuli nyingine kabisa.

Kwa nini wanataka habari zako?

Mume wangu ni wakili, na anaomba kwenda Marekani kusoma shahada ya uzamili ya sheria, ile inayoitwa LLM. Sisi huku hatujazoea mambo ya kujieleza. Ukitaka kusoma sheria, matokeo yako ya kidato cha 6 ndiyo yanayokusemea. Unasoma shahada, kisha unakwenda Law School of Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007.

Marekani wana utaratibu mwingine. Kule mtu humaliza kwanza shahada ya kitu chochote, iwe muziki au uhandisi, ndipo anaomba kusoma sheria kwa miaka 3. Watu wenye alama nzuri ni wengi, kwa hiyo chuo kinataka pia insha ya kujieleza, mara nyingi kurasa 2 hivi. Wanaoomba LLM nao huandika ya kwao. Mwaka 2023, chuo cha sheria cha Harvard kiliigawa insha ya wanaoomba ile shahada ya miaka 3 ikawa mbili: moja ya kusudi lako, nyingine ya namna maisha yalivyokujenga. Hata Uingereza, wanaoomba shahada ya kwanza kuanza masomo mwaka 2026 walipewa maswali 3 badala ya insha moja, ila nafasi ilibaki ileile ya herufi 4,000.

Nafasi ni ndogo, na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Kuna anayeandika ndoto ya utotoni, na nani hakuwa nayo? Kuna anayegeuza wasifu wake kuwa sentensi, wakati wasifu wenyewe ameshauambatanisha. Na kuna anayeleta kilio: msiba, njaa, ugonjwa. Msomaji anamwonea huruma, lakini akimaliza hajui huyu mtu alifanya nini.

Siku mbili za kununiana

Asubuhi nikamwambia ukweli. Akanuna siku 2, chakula anakula kimya kimya. Jumamosi nikamuuliza swali moja tu: "Lini kwa mara ya kwanza uliiona sheria nje ya kitabu?"

Akafikiri. "Kwa mama," akasema.

Nikajua anazungumzia nini. Baba yangu alifariki mwaka 2011. Hata arobaini haijafika, baba zangu wadogo wakaitisha kikao na kusema nyumba ni ya ukoo, mama arudi kwao. Na hawakuyatoa hewani. Sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba zinasema mjane hana fungu katika mali ya mumewe, atunzwe na watoto wake. Lakini mama alikuwa mwalimu, na nusu ya nyumba ile ilijengwa kwa mshahara wake.

Wakati huo mume wangu alikuwa mchumba tu, mwanafunzi wa sheria. Akapanda basi na mimi hadi Kanda ya Ziwa. Akamsaidia mama kupanga cheti cha ndoa, cheti cha kifo na risiti za saruji na mabati. Mahakama ya Mwanzo enzi hizo hata mawakili hawakuruhusiwa kumwakilisha mtu, sembuse mwanafunzi. Mama akajieleza mwenyewe. Mwisho wa yote akateuliwa msimamizi wa mirathi, na nyumba ile anaishi mpaka leo. Baba mdogo mmoja hatusemeshi hadi leo.

"Hiyo ndiyo insha yako," nikamwambia. Na iliendana na anachotaka kusomea. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake, CEDAW, iliamua kwamba Tanzania ilikiuka haki za wajane wawili walioondolewa kwenye nyumba zao kwa sheria hizohizo za mila. Mume wangu anataka kujua mila na mikataba ya kimataifa zinapogongana, hakimu anafanyaje.

Machozi ya nani?

Jumatatu akaniletea rasimu ya pili. Hapo sasa ndipo tulipogombana kweli. Kurasa zote 2 mama yangu analia. Analia msibani, analia kwenye basi, analia mahakamani.

"Huyu ni mama yangu," nikamwambia. "Machozi yake ndiyo nauli yako ya Marekani?"

Hakujibu. Kesho yake akachukua simu, akaweka sauti nami nisikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wajukuu wangu hawajambo?"

Akamweleza yote. Mama akanyamaza, kisha akauliza, "Hao Wamarekani wanataka habari zangu za nini?"

"Wanataka kunijua mimi, mama."

"Sasa wewe siku ile ulifanya nini?"

"Nilikaa benchi la nyuma."

"Basi andika ulipokaa. Na mimi usiniandike nalia. Niandike nimeshika risiti zangu."

Rasimu ya tatu ilianzia kwenye benchi. Kijana aliyepata A kwenye somo la sheria ya mirathi hawezi kufungua mdomo, na mbele yake mwalimu wa shule ya msingi anamsomea hakimu risiti moja baada ya nyingine. Aliandika kwamba aliona aibu siku ile, na aibu hiyo ndiyo iliyomfanya awe wakili. Tuna watoto wawili, na hilo sikuwahi kulijua.

Kabla hujachagua mada

• Jiulize uliona au ulifanya nini, si uliota nini. Tukio moja dogo linatosha.

• Ondoa jina lako, weka la rafiki yako. Kama insha bado inasomeka sawa, tafuta mada nyingine.

• Kisa kiishie kwenye unachotaka kusoma. Kisipofika huko, kihifadhi kwa ajili ya wajukuu.

• Kama kisa ni cha mama, mke au mume wako pia, omba ruhusa kabla ya kutuma. Akikataa, heshimu.

• Mwenzi wako asome, akosoe, aulize. Asikuandikie. Mkono wa mtu mwingine huonekana.

Maombi yameshatumwa, tunasubiri. Akipata, nitabaki na watoto mwaka mzima wa masomo, na hilo nalo tumelizungumza. Lakini nawe ukiitwa sebuleni saa 5 usiku kusoma kurasa 2 za mwenzio, nakuomba sana, usiseme "nzuri" kama si nzuri. Bora mnuniane siku 2. Kila la heri!