Visa Viwili vya Alabama

Haya wanangu, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina visa viwili vya kweli, vyote vya jimbo la Alabama kule Marekani, enzi ambazo mweusi na mweupe hawakupimwa kwa mizani moja. Nawasimulia kwa sababu mmeshakua na simu mnazo. Mara kwa mara humo hutajwa jina la mtu kwamba kabaka au kamshika mtu asivyotaka, na kabla jua halijazama watu wameshatoa hukumu.

Tarehe 25 Machi 1931 treni ya mizigo ilikuwa safarini kwenda Memphis. Vijana maskini walikuwa wameidandia wakitafuta vibarua. Ukazuka ugomvi, weusi wakawashusha weupe kwa nguvu, na weupe hao wakaenda kushtaki. Treni ilipofika Paint Rock, wanaume wenye bunduki walikuwa wakiisubiri. Wakakamata vijana weusi tisa. Wasichana wawili weupe waliokutwa humo wakasema vijana hao wamewabaka.

Mmoja wa wale tisa, Olen Montgomery, alikuwa karibu kipofu. Mwingine, Willie Roberson, alikuwa mgonjwa, akitembea kwa fimbo. Mtu wa namna hiyo angerukaje kutoka behewa hadi behewa? Swali hilo halikumsumbua mtu. Walipelekwa mji wa Scottsboro, umati ukajaa nje ya mahakama, na siku 12 baada ya kukamatwa kesi ikaanza. Wakili aliongea nao chini ya nusu saa. Ndani ya siku nne, wanane wakahukumiwa kifo.

Mwaka 1932 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikasema kesi irudiwe, kwa kuwa vijana hawakupewa utetezi wa maana. Mwaka uliofuata mmoja wa wasichana, Ruby Bates, akasimama mahakamani akasema hawakubakwa. Jaji James Horton akaupitia kwa makini ushahidi wa daktari aliyewapima wasichana siku ileile, akaona haulingani na madai, akafuta hukumu iliyotolewa katika kesi hiyo ya marudio. Uchaguzi uliofuata wapiga kura wakamwondoa kitini. Hakuna kijana aliyenyongwa wala kuuawa kwa hukumu, lakini kesi ziliendelea na baadhi yao walikaa jela zaidi ya miaka kumi.

Msikimbilie kusema, "Kumbe wanawake husingizia!" Kisa cha pili hamjakisikia.

Usiku wa tarehe 3 Septemba 1944, mjini Abbeville, Recy Taylor, mama mweusi wa miaka 24, alikuwa akirudi nyumbani kutoka kanisani. Wanaume saba weupe wenye silaha wakamteka kwa gari, na sita wakambaka. Wakamtishia kumuua akisema. Alisema, usiku uleule. Mwenye gari akapatikana, na yeye mwenyewe akawataja wenzake. Rosa Parks, yule ambaye miaka 11 baadaye angegoma kumpisha mzungu kiti kwenye basi, akatumwa kwenda kuchunguza. Lakini jopo la raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe lilikaa mara mbili, na mara zote mbili likakataa. Nyumba ya Recy nayo ilirushiwa bomu la moto. Baba yake akawa anakesha juu ya mti na bunduki, akiwalinda wanawe.

Mnaona? Scottsboro mtuhumiwa hakusikilizwa. Abbeville mlalamikaji ndiye aliyenyimwa sikio. Kote majibu yalikuwepo kabla ya maswali, na rangi ya ngozi ndiyo iliyoyaleta. Mimi siwezi kuchagua moja niseme ndilo jambo dogo.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia amefanyiwa ubaya, msikilize, usimuulize alivaa nini. Mpelekeni hospitali haraka na nguo zile zisifuliwe, maana ushahidi hupotea. Nendeni polisi, hapa Tanzania kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Jina lake msilitangaze. Na la anayetuhumiwa nalo msilirushe kwenye makundi ya simu. Aulizwe, ajibu, ushahidi upimwe na wenye kazi hiyo. Kumtilia maanani anayelalamika hakuwalazimu kumfunga mwenziwe kabla hajafungua mdomo.

Vijana wa Scottsboro walisafishwa majina, wa mwisho wao mwaka 2013, wakati huo wote wakiwa wameshafariki. Recy Taylor aliombwa radhi na bunge la Alabama mwaka 2011, akiwa na miaka 91. Wanaume wa gari lile hawakupandishwa kizimbani hata mmoja.