Imani na Mila (4): Ubatizo kwa Niaba ya Wafu

Ubatizo kwa niaba ya wafu ni ibada ambayo mtu aliye hai huzamishwa majini kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Wanaojulikana zaidi kwa ibada hiyo ni waumini wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kama Wamormoni. Hoja yao ni kwamba ubatizo ni sharti la wokovu, ilhali watu wasiohesabika wamekufa bila kupata nafasi ya kubatizwa. Roho isiyo na mwili haiwezi kuingia majini, kwa hiyo walio hai huingia kwa niaba yake. Kanisa hilo hufundisha pia kwamba marehemu yuko huru kuukubali ubatizo huo au kuukataa, na kwamba haandikwi katika hesabu ya waumini.

Msingi wa ibada katika Biblia ni aya moja, 1 Wakorintho 15:29, ambamo Paulo anataja kwa kupita tu watu wabatizwao kwa ajili ya wafu. Wafafanuzi wamebishana juu yake tangu zamani. Katika karne ya 4 mhubiri Yohana Krisostomo alisimulia jinsi wafuasi wa Markioni, aliyehesabiwa mzushi, walivyomficha mtu chini ya kitanda cha maiti ili aitikie maswali ya ubatizo, akaliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Desturi ikapotea katika makanisa makubwa, hadi Joseph Smith, mwanzilishi wa Umormoni, alipoihubiri mazishini Agosti 15, 1840 mjini Nauvoo, Illinois. Waumini walianza kubatizwa katika mto Mississippi, pengine mwanamke akisimama kwa ajili ya mwanamume. Utaratibu huo ulirekebishwa baadaye.

Siku hizi ibada hufanyika hekaluni peke yake, katika birika linalokaa juu ya sanamu 12 za ng'ombe, mfano wa ile bahari ya kusubu ya Mfalme Sulemani. Mwakilishi, ambaye mara nyingi ni kijana, hushuka amevaa nguo nyeupe. Mbatizaji humshika mkono, huinua wake wa kulia, hulitaja jina la marehemu na kumzamisha. Mashahidi wawili hutazama kwa makini, kwani ukibaki juu hata upindo wa nguo, tendo hurudiwa. Jina linalofuata husomwa papo hapo, na kijana mmoja huweza kuzamishwa kwa majina kadhaa kabla ya kutoka majini.

Kanisa hili lilitambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka 1991, lakini kwa miaka mingi hekalu la kutegemewa lilikuwa Johannesburg, safari isiyowezekana kwa mkulima wa kawaida. Hekalu la Nairobi lilizinduliwa Mei 18, 2025. Sasa muumini anayetoka Ndhiwa, Nyanza Kusini, hupanda basi kupitia Kisii na Narok, akiwa na majina ya wazee wake mfukoni.

Kuyapata majina hayo ndiyo kazi yenyewe. Huko Ulaya, daftari za parokia hutaja jina, tarehe na wazazi, na Wamormoni wamekuwa wakizikusanya tangu walipounda chama cha nasaba huko Utah mwaka 1894. Nyanza Kusini daftari za namna hiyo ni chache na za juzi. Mzee wa Kijaluo wa Kabuoch au Kanyamwa, huko Ndhiwa, huweza kuwataja babu zake vizazi vingi bila kukwama, ila tarehe atakazotoa ni za njaa fulani au vita vya Mjerumani. Tena nasaba anayoitaja ni ya wanaume. Bibi yake hukumbukwa kama "nyar Kadem", binti wa Kadem, au kama mama wa fulani, na jina alilopewa alipozaliwa limekwenda naye kaburini. Ibada inayotaka kila mtu atajwe kwa jina lake huweza kumwacha nje mwanamke huyo ambaye nyumba nzima ilisimama juu yake. Katika nchi kadhaa za Afrika, shirika la nasaba la kanisa hilo limetuma watu kuwarekodi wazee, na huo, hata kwa asiyeamini ubatizo wenyewe, ni urithi wa thamani.

Kanisa la New Apostolic, lenye waumini wengi Kenya, Zambia na Kongo, nalo huwapa marehemu sakramenti kupitia wawakilishi, mara tatu kwa mwaka. Lakini halitafuti orodha za nasaba, na kwa sababu hiyo halijazusha ugomvi mkubwa.

Ugomvi umewafuata Wamormoni. Mwaka 1995 waliahidi mashirika ya Kiyahudi kuacha kuwabatiza wahanga wa mauaji ya Hitler, lakini mwaka 2012 jina la Anne Frank likaonekana tena katika kumbukumbu zao. Juni 4, 2008 Stanley Ann Dunham, mama yake Barack Obama, alibatizwa hivyo huko Provo, Utah, na habari ikavuja mwaka uliofuata. Kanisa lenyewe lilikiri kwamba kanuni zilikiukwa.

Kanuni hutaka majina yawe ya jamaa wa anayeyaleta. Kwa marehemu aliyezaliwa ndani ya miaka 110 iliyopita, ruhusa hutolewa na mume au mke, mtoto mzima, mzazi au ndugu. Ukoo haumo. Wajaluo wanaujua mvutano kati ya mke na ukoo. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi, na ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe kwao Nyalgunga. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo mwili. Kanuni ya hekalu ingempa neno Wambui.

Kwa waliozaliwa kabla ya hapo ruhusa haihitajiki. Gor Mahia, yule mtawala na mganga mashuhuri wa Kanyamwa aliyewakuta Waingereza wakiingia, yumo katika kundi hilo: kitukuu wake mmoja aliye Mormoni anatosha kulipeleka jina lake Nairobi, pasipo kuwauliza wazee wa Ndhiwa.