Kabla hujamzuia mtoto kwenda kwa bibi, soma namba vizuri

Likizo ikikaribia, mabishano yanarudi katika nyumba zetu hapa Ibra, Sur na Nizwa: watoto waende kwa bibi yao Unguja au wabaki? Safari hii inazunguka kwenye simu orodha ya "nchi hatari duniani", na wapo wazazi walioshaghairi safari. Mimi nasema tuzisome kwanza hizo namba.

Idadi tupu haisemi kitu. Sensa ya 2022 ilikuta Tanzania ina watu milioni 61.7, Oman, sensa ya 2020, takriban milioni 4.5. Penye watu karibu mara 14, kesi nyingi si ajabu. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa hupima mauaji kwa kila watu 100,000. Mwaka 2021 wastani wa dunia ulikuwa karibu 5.8, Oman iko chini ya 1. Hapo hakuna ubishi, alhamdulillah.

Lakini mauaji yanalinganishika kwa sababu maiti hafichiki kirahisi. Kipigo na ubakaji ni habari nyengine: vinategemea sheria inasemaje na nani kathubutu kuripoti. Sweden inaonekana juu sana kwa ubakaji, kwa sehemu kwa kuwa sheria yake ni pana na kila tukio huandikwa peke yake. Na namba ndogo yaweza kuwa ni kimya tu. Dada wa kazi anayepigwa ndani ya nyumba, akaogopa kurudishwa kwao, haingii kwenye hesabu yoyote.

Halafu angalia orodha imetoka wapi. Ile ya Numbeo, inayosambazwa sana, inatokana na maoni ya watu wanaojibu maswali mtandaoni, si majalada ya polisi. Inapima hofu zaidi kuliko uhalifu.

Wala wastani wa nchi nzima haukwambii mtaa wa bibi ukoje. Kwa hilo mpigie simu shangazi aliyepo huko, umuulize watoto wanarudi saa ngapi madrasa na nani huwapokea.

Kwa hiyo ukiletewa orodha, uliza matatu: kwa watu wangapi, mwaka gani, nani kahesabu? Na huku kwetu tunakojisifia usalama, ukisikia mtu anapigwa nyumba ya pili, usinyamaze. Polisi ni 9999.