Noah Inakula Maji, Inayapeleka Wapi?

Ukidandia mchomoko mkweche pale stendi ya Bunda kuja Kibara, chungulia miguuni kwa konda. Kuna kidumu cha lita 5, kile cha njano kilichokuwa cha mafuta ya kula, kimejaa maji. Mkifika Bulamba mnapaki, boneti juu, maji yanamiminwa, safari inaendelea. Masela tushazoea, tunaona ndo matumizi ya gari kama wese tu. Mi leo naongea kwa uchungu: hicho kidumu ndo kinazitafuna ndinga zetu kutoka ndani.

Mchuma tunaoendesha mi na brazamen ni Noah ile ya zamani, SR40, zile zilizotengenezwa Japani kuanzia 1996 hadi 2001. Injini 3S-FE, bloku ya chuma, hedi ya alumini, imejificha chini ya siti za mbele, kwa hiyo ukitaka kuiona lazima ufunue siti. Asubuhi tunabeba walimu na mama zetu wa sokoni, jioni magunia ya dagaa. Ilianza kiutani, inakula nusu lita kwa siku. Wiki ya tatu inamaliza kidumu kizima kwa tripu moja ya Kisorya. Na ikilala usiku, chini hakuna hata tone.

Fundi wa kwanza hakufunua hata siti. Akasema gasketi ya hedi imeungua, leteni laki tatu na nusu. Wa pili akang'oa thamostati akaitupa, eti maji yatembee fresh. Mwanangu, usikubali hiyo kitu. Thamostati inafungua injini ikifika kama nyuzi 82, na kazi yake ni injini ipate joto haraka. Ukiing'oa, injini inashinda na baridi, inajimwagia wese kama imewashwa alfajiri. Wese likawa linakula hela: tukishapeleka hesabu kwa tajiri mwenye gari, ikibaki ya chai tunashukuru.

Halafu kuna wale wa kupasulia yai kwenye rejeta, wengine manjano, eti kuziba tundu. Ukiwa umekwama porini usiku na abiria mgonjwa, sawa, fanya ufike. Ila ujue hilo yai halichagui tundu, linaziba hata vijinjia vyembamba vya rejeta unavyovihitaji.

Tukaishia kwa mzee mmoja wa hapahapa Kibara, kitaa kizima tunamwita Babu.

“Shikamoo Babu.”

“Marahaba, mura. Imepoa?”

Hakugusa kitu hadi akaweka kiganja juu ya rejeta akaona imepoa kweli. Hapo namuunga mkono asilimia 100: mshikaji wangu mmoja ana kovu kutoka kwenye kiwiko hadi kidoleni, alifungua kifuniko injini ikiwa ya moto. Babu akafungua, akachovya kidole, akakisugua na cha pili. Maji mekundu kama chai ya rangi.

“Mnaweka maji ya wapi?”

“Ya ziwani, Babu.”

Akaguna. Akachomoa stiki ya oili, oili safi, haijawa nyeupe kama maziwa. Akawasha, akakodolea shingo ya rejeta, hakuna mapovu. Akanusa moshi wa ekzosi. “Hedi nzima hii. Msifungue.” Wota pampu kavu, hozi za mbele kavu. Akafunga kifuniko, akaniambia nikanyage mafuta mpaka sindano ikae katikati, halafu nishuke nimfuate chini ya gari.

Nikaisikia kabla sijaiona. Sss, kama nyoka. Tochi ikaonesha ukungu mwembamba karibu na siti ya kati, ukigusa bomba la ekzosi unapotea. Zile Noah zina hita ya nyuma, kwa ajili ya baridi ya Japani, na mabomba mawili ya chuma yanapita chini ya sakafu kupeleka maji moto huko. Kibara nani kawahi kuwasha hita? Mabomba tumeyasahau, ila maji yanapita humo kila siku. Babu akasubiri ipoe, akagusa pale na ncha ya bisibisi, ikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa.

Ndo nikaelewa mchezo. Kulanti, yale maji ya rejeta ya dukani, ina dawa ya kuzuia kutu. Sisi kila tukimwaga kidumu cha maji matupu tunaizimua, kutu inatafuna bomba, tundu linapanuka, tunaongeza maji zaidi. Halafu huku kwetu ziwa lenyewe liko kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayangoji 100. Kinachoyazuia yasichemke ndani ya injini ni presha ya mfumo uliofungwa. Mfumo ukivuja, presha hakuna, gari inachemsha mapema, na hedi ya alumini ikizidiwa joto inapinda. Hapo sasa ile laki tatu na nusu inakuwa ya kweli.

Dawa yake ilichukua mchana mmoja. Babu alikata njia ya hita ya nyuma, akaunganisha ncha mbili za mbele kwa hozi iliyokunjwa na klipu mbili. Tukasuuza mfumo mara 4, mpaka maji yanatoka meupe. Thamostati mpya, kifuniko kipya. Kulanti nusu, nusu maji ya mvua tuliyoyachuja kwa kitambaa. Kisha hita ya mbele wazi, injini inanguruma taratibu, tunaongeza kidogokidogo hadi mapovu ya hewa yakaisha. Hewa ikibaki ndani, sindano inakudanganya. Yote pamoja na ufundi, haikufika laki na nusu.

Wiki iliyopita tuko Kisorya, tunasubiri kivuko cha Rugezi. Noah ya mbele yetu boneti iko juu, konda kashika kidumu, mvuke unapanda. Nikamwambia, kaka, zima, weka hicho chini, ipoe kwanza. Nikatandika gunia, nikawasha tochi ya simu, nikaingia uvunguni.