Nani Alimwagilia Sukuma Wiki Shule Zilipofungwa?

Jumapili ya tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza shule zote nchini Kenya zifungwe kwa sababu ya korona. Za kutwa zilifunga kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano. Wanafunzi zaidi ya milioni 15 walirudi nyumbani, na mazungumzo yakawa ya mitihani na vipindi vya redioni. Bustani za shule ni wachache waliozikumbuka, ingawa saa ilikuwa mbaya kwelikweli. Miche ya sukuma wiki iliyooteshwa kitaluni Februari ilikuwa tayari kuhamishwa, na masika yalikuwa yanaanza.

Ruiru ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili. Mji huu wa Kaunti ya Kiambu ulizungukwa na mashamba ya kahawa, na kituo chake cha utafiti ndicho kilichotoa kahawa ya Ruiru 11 mwaka 1985. Siku hizi umejaa nyumba za kupanga. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 238,858. Ya 2019 ikahesabu 490,120. Familia nyingi zinaishi ghorofani na hazina hata kipande cha udongo cha kupanda kitunguu. Mtoto wa mpangaji, kama ataona mbegu ikiota, huenda akaionea shuleni tu.

Ndiyo maana suala la nani angebaki kuitunza bustani halikuwa dogo. Kafyu ilianza Machi 27, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyetoka kazini jioni hakuwa tena na nafasi ya kumwagilia. Kisha Aprili 6 serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Nairobi na viunga vyake. Ruiru ilikuwa ndani ya eneo hilo, na mpaka wa upande wa Thika ulikuwa daraja la mto Chania. Mwalimu wa kilimo aliyekuwa amekwenda kwao Murang'a au Nyeri alikwama ng'ambo hadi Julai 7.

Kwa hali hiyo, mtu wa kujitolea aliyefaa alikuwa yule anayefika kwa miguu: mzazi anayeishi nyuma ya ua, mlinzi anayelala shuleni, mwalimu aliyepanga jirani. Watu watatu wa namna hiyo, wakipokezana zamu na kila mmoja akifanya kazi kwenye tuta lake, wanatosha. Hawakaribiani, na anayeugua ana wa kumshikia zamu.

Tena kazi yenyewe haiishii kwenye maji. Managu huanza kuchumwa wiki nne hadi sita baada ya kupandwa. Ukikata ncha mara kwa mara, huchipua pembeni na kuongeza majani. Ukiyaacha, hutoa maua na vitunda na majani yakapungua. Sukuma wiki huvunjwa majani ya chini, yakabaki machache ya juu. Isipovunjwa, majani mazee hugeuka manjano, na ukiyapindua utakuta vidukari wa kijivu wameshikana kama unga uliomwagika. Kuchuma ni sehemu ya kutunza. Kwa hiyo anayetunza lazima aruhusiwe kubeba mboga nyumbani, hasa katika mwaka ambao wazazi walipoteza vibarua na watoto waliozoea chakula cha mchana cha shule walikuwa nyumbani. Bodi ya shule inayoogopa kulisema hili wazi huishia na mboga zilizooza au minong'ono ya wizi. Ni heri mgao uandikwe na kubandikwa langoni.

Mpangilio wa bustani nao husaidia. Shirika la SCOPE Kenya, lenye makao yake Thika, huzifundisha shule kilimo cha permakacha: wanafunzi, walimu, wazazi na wafanyakazi wa shule huchora pamoja ramani ya kiwanja chote kabla ya jembe kugusa ardhi. Wanaangalia maji ya mvua yanapita wapi na miti ya matunda ikae wapi. Tuta lililofunikwa matandazo huvumilia siku kadhaa bila maji, na migomba iliyopandwa penye maji ya kunawia mikono hujinywesha yenyewe.

Kwingine hali ilikuwa ngumu zaidi. Katika Kaunti ya Kirinyaga, shule ya kibinafsi ya Mwea Brethren ilifuga kuku madarasani. Ubaoni, badala ya hesabu, iliandikwa ratiba ya chanjo ya kuku. Roka Preparatory, nayo ya kibinafsi, ililima mboga uwanjani pa kuchezea. Huko haikuwa kazi ya kujitolea. Karo haikuwa ikilipwa, walimu walikuwa hawana mishahara, na kilimo kilikuwa njia ya kuzuia shule isife.

Julai 7 Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo umepotea. Hata hivyo Oktoba 12 baadhi waliitwa: watahiniwa wa Darasa la Nane na Kidato cha Nne, pamoja na Gredi ya Nne. Hawa wa Gredi ya Nne walikuwa wa kwanza kufika ngazi hiyo katika mtaala mpya wa umilisi, ambako Kilimo kilikuwa somo. Walirudi wakati wa vuli, baada ya karibu miezi saba. Aliyekuta matuta hai alianza kujifunza siku hiyo hiyo. Aliyekuta kichaka alianza kwa panga.

Juni 2021 Rais Kenyatta alizindua upya vilabu vya 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na wanafunzi wengi wakarudi kwenye jembe. Lakini likizo hazikuondoka. Ile ya Desemba hufuatwa na Januari na Februari, miezi mikavu Ruiru. Kabla haijafika, shule inahitaji majina ya watu watatu wanaoishi karibu, ufunguo wa pili wa lango kwa mmoja wao, na makubaliano ya nani anachuma siku gani.