Sauti hiyo inamdai nani?

Hakuna hoja inayofunga kikao cha ukoo haraka kama hii: "Mungu amesema nami." Mjomba aliyekuwa akibishana tangu asubuhi ananyamaza, shangazi anashusha macho, na mwenyekiti anaomba tufunge kwa sala. Nani asimame kumpinga Mungu? Kila kwaya ina kijana aliyewahi kumwambia binti kwamba ameonyeshwa ndotoni kuwa yeye ndiye mke wake. Binti mwenye akili hujibu kwamba ni sawa, anangoja naye aonyeshwe.

Tunacheka, lakini jambo lenyewe haliishi kwa kicheko. Watu wazima, waliosoma na wasiosoma, wenye kazi zao na akili zao timamu, ukikaa nao vizuri watakusimulia kwamba iko siku waliambiwa. Mara nyingi si ngurumo wala malaika. Ni wazo lililoingia bila hodi, jina la mtu lililogoma kutoka moyoni hadi alipopigiwa simu, au amani iliyotua usiku ambao hapakuwa na sababu yoyote ya amani.

Mwanaanthropolojia Tanya Luhrmann wa Chuo Kikuu cha Stanford alikaa muda mrefu na waumini wa makanisa ya Vineyard, Chicago na California, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 2012. Aliowakuta hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu waliojifunza kusikia, jinsi mwanagenzi gereji anavyofundishwa kuitambua kasoro kwa mlio wa injini. Katika mawazo yao mengi ya siku walijizoeza kubagua lipi ni lao na lipi limetoka kwingine. Sauti ya kusikika kwa sikio ilikuwa adimu na fupi, maneno mawili matatu. Baadaye yeye na wenzake waliwahoji wagonjwa 60 wa akili wanaosikia sauti, 20 California, 20 Accra na 20 Chennai. Wamarekani walisimulia zaidi vitisho na matusi. Wa Accra wengi walisema anayezungumza nao ni Mungu, na nusu yao walisema sauti hizo kwa jumla ni njema. Kumbe hata ugonjwa husikiliza kwanza mji unamoishi.

Sina kipimo cha kujua nani ameambiwa na nani amejiambia, na simwamini anayedai anacho. Lakini kuna swali ambalo mtu yeyote, muumini au asiye muumini, anaweza kuliuliza: sauti hiyo inamdai nani?

Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakasoma Biblia pamoja na kuomba. Kutokana na urafiki huo na kazi ya wenzao wa Gahini ulikua Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea Uganda, Burundi, Kagera na Kenya. Ndugu wa Uamsho walisema Mungu amesema nao, tena bila kuona haya. Na alisema nini? Rudisha ulichoiba. Kamwombe radhi uliyemdhulumu. Watu walirudisha mifugo, walirudisha fedha kwa mabwana ambao hawakuwa na habari kwamba wameibiwa. Wakati wa Mau Mau wapo waliokataa kula kiapo na pia wakakataa kubeba bunduki ya serikali, wakauawa kwa msimamo huo. Tena mtu hakubaki peke yake na aliyoyasikia. Aliyaleta kwenye ushirika, mbele ya ndugu waliomjua vizuri, wakamwuliza maswali. Wao waliliita jambo hilo kutembea nuruni. Lilikuwa na karaha zake, maana si kila dhambi ya chumbani inafaa kusikilizwa na kijiji kizima, lakini deni lilibaki kwa aliyesikia.

Geuza upande wa pili utaikuta Shakahola, kaunti ya Kilifi, iliyojulikana duniani Aprili 2023. Manusura walieleza kwamba waumini walifundishwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ikiwemo mingi ya watoto. Mhubiri wao alishtakiwa, akakana mashtaka. Hapo swali langu linajibika kwa urahisi, na ndiyo sababu halinisumbui sana.

Linalonisumbua ni Samunge, kijiji cha Loliondo, Tanzania.

Ambilikile Mwasapile alikuwa mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Alisema Mungu alimwonyesha kwa ndoto mti wa mugariga, achemshe mizizi yake, awape watu kikombe kimoja kwa shilingi 500, na kwamba dawa haifanyi kazi isipokuwa itoke mkononi mwake. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari kuelekea Loliondo ilikuwa imepita kilomita 20. Walikuja Wakenya, walikuja mawaziri, wenye nazo walikodi helikopta. Wagonjwa waliotolewa wodini walifia njiani. Mwisho wa mwezi Babu, kama watu walivyomwita, mwenyewe aliomba watu wasije kwanza, msongamano upungue.

Na hapa ndipo kipimo changu kinapopwaya. Mzee yule hakuwa na makuu. Shilingi 500 haikuwa bei ya tapeli. Mwaka ule nauli ya kufika kwake ilikuwa kubwa kuliko dawa mara nyingi sana. Alisema polepole, na waliomwona walirudi wakimsifu kwa upole. Kwa macho ya kawaida, sauti ilimdai yeye: uzee wake ukaishia kuchota vikombe tangu alfajiri. Lakini wapo waliokunywa kwa ajili ya Ukimwi wakaacha ARV, na wa kisukari walioacha dawa zao. Hao ndio waliolipa. Sisemi alidanganya, naona uwezekano mkubwa kwamba aliamini kila neno alilosema hadi alipofariki Julai 2021. Unyofu wa mjumbe ulituvutia tukasahau kwamba mtu mnyofu naye hukosea. Hata waliofungua vikombe vyao Mbeya, Tabora na kwingineko walikuja na ndoto, na ndoto zao tulizipokea bila kuzihoji.

Kibeho, Rwanda, mambo yalikwenda taratibu zaidi. Novemba 28, 1981, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema amemwona Bikira Maria katika bwalo la shule. Wenzake walimcheka, na Marie Claire Mukangango akiwa mstari wa mbele, mpaka naye akasema ameona. Askofu aliunda tume ya madaktari na tume ya wanateolojia. Wasichana walihojiwa, wakapimwa. Tamko la Kanisa lilitoka Juni 29, 2001, miaka karibu 20 baadaye, nalo likawakubali watatu tu kati ya wengi waliodai kuona. Huenda ukakataa tamko lenyewe, ni haki yako. Mimi navutiwa na ile miaka 20.

Waislamu wa mwambao wana desturi isiyohitaji tume. Anayetaka kuoa, kusafiri au kununua kiwanja huswali istikhara, rakaa mbili na dua, akimwachia Mungu uchaguzi. Wengi hulala wakingoja ndoto, ingawa masheikh hawachoki kueleza kwamba ndoto si sharti, na kwamba wahyi ulikoma kwa Mtume. Husema pia istikhara iende pamoja na kushauriana. Basi aliyeswalia kiwanja usiku, asubuhi akaamka na moyo mweupe, bado ana safari ya kwenda ofisi ya ardhi kuuliza hati ni ya nani.